Alizeti Haigandi, Ila Huchacha

Ikifika Juni, baridi ya alfajiri inapoanza kuuma Dodoma, wenye maduka hurudishiwa madumu. Mteja kaamka akakuta mafuta yake ya mawese yameganda, meupe na mazito, na anaamini kauziwa bidhaa feki. Jirani yake anayenunua alizeti kwenye mashine ya mtaani hajaona badiliko lolote, naye anamcheka. Lakini jua la Oktoba likiwaka, kicheko huhamia nyumba ya pili. Mafuta ya yule wa kwanza bado mazima, na ya mwenzake yamebaki robo dumu tu, yananuka rangi ya mlangoni na kukwaruza koo.

Hakuna kati yao aliyedanganywa. Kinachozuia alizeti isigande ndicho hicho kinachoifanya iharibike upesi, na ndicho pia kinachoifanya iwe afadhali kwa mishipa ya damu. Faida na hasara zimefungwa pamoja, huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine. Kwa hiyo swali la "mafuta gani ni bora" halina jibu moja. Uliza badala yake: kwa kazi gani, yatakaa wapi, na kwa muda gani?

Ndani ya tone moja

Mafuta yote ya kula, yawe ya nazi, ya ng'ombe au ya alizeti, yameundwa kwa mpango mmoja: gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Gliseroli haibadiliki. Tofauti zote unazoziona jikoni zimo kwenye zile asidi. Kila asidi ni mnyororo wa kaboni, mara nyingi 16 au 18, na kila kaboni ina nafasi nne za kushikana na wengine. Nafasi zinazobaki baada ya mnyororo kuungana zikijazwa zote haidrojeni, asidi hiyo imeshiba. Kaboni mbili jirani zikikosa haidrojeni moja kila moja, hushikana zenyewe mara mbili, na hapo asidi haijashiba. Penye kifungo hicho maradufu, mnyororo hupinda.

Mabua ya mtama yaliyonyooka ukiyafunga mzigo hukazana barabara. Matawi ya mgunga yaliyopinda huacha mianya hata ukiyakanyaga. Ndivyo ilivyo kwa asidi hizi. Zilizoshiba hulaliana kwa karibu na huhitaji joto kubwa ili ziachane. Asidi ya steariki, yenye kaboni 18 na isiyo na kifungo maradufu hata kimoja, huyeyuka kwenye nyuzi 69 hivi za Selsiasi. Oleiki ina kaboni 18 vilevile, ila imepinda mara moja, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 13. Linoleiki, yenye vifungo maradufu viwili, hubaki kimiminika hadi nyuzi 5 chini ya sifuri.

Mafuta tunayonunua ni mchanganyiko wa asidi hizo kwa viwango tofauti. Alizeti ya kawaida ina takriban asilimia 11 tu iliyoshiba, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni linoleiki. Ufuta na karanga zina oleiki nyingi, na sehemu iliyoshiba ni kati ya asilimia 14 na 20. Mawese yameshiba kwa karibu nusu. Mafuta ya ng'ombe nayo ni karibu nusu, samli zaidi ya asilimia 60, na nazi zaidi ya asilimia 80.

Mafuta yaliyoganda hayajaharibika

Usiku wa Julai Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 14. Kwa mawese yaliyosafishwa, ambayo wengi mtaani huyaita korie, baridi hiyo ikikaa siku kadhaa inatosha kuanzisha chembe nyeupe, kisha dumu zima likawa zito. Liweke juani kidogo au karibu na jiko, yatarudi kama yalivyokuwa. Hayajapungua ubora wala si ushahidi wa udanganyifu.

Ukitaka kuuona mgawanyiko huo kwa macho, nunua mawese mekundu ya Kigoma, yale yanayopita hapa kwa reli ya kati, uyamimine kwenye chupa ya kioo. Baada ya siku chache utaona matabaka mawili. Chini kumetuama sehemu iliyopauka na nzito, yenye asidi nyingi zilizoshiba. Juu kumebaki kimiminika chekundu. Viwanda vinavyouza mafuta ya mawese ya maji hufanya kazi hiyohiyo kwa mitambo: hupoza, huchuja, na huuza kila sehemu peke yake. Wekundu wa mawese ghafi unatokana na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Anayeyachoma kwenye sufuria mpaka yageuke meupe anaipoteza faida hiyo kubwa.

Wapo wanaochanganya mawese kwenye alizeti, kwa kuwa alizeti ina bei. Kipimo cha nyumbani kipo, ila kijue mipaka yake. Tia mafuta kidogo kwenye chupa safi, yaweke kwenye friji usiku kucha. Alizeti tupu hubaki ya maji. Iliyotiwa mawese mengi huganda au hufanya tabaka zito jeupe. Lakini alizeti ya mashine ndogo yaweza kuonyesha ukungu mwembamba chini ya chupa, nao unatokana na nta ya maganda ya mbegu, jambo la kawaida lisilo na madhara. Usimwite mtu mwizi kwa sababu ya ukungu huo. Kumbuka pia kwamba mafuta ya karanga huwa mazito kwenye friji bila kuchanganywa na chochote.

Ng'ombe hugandisha, kuku hapana

Swali moja huwatatiza wafugaji. Ng'ombe na kuku wanaweza kula mashudu yaleyale ya alizeti, yenye mafuta laini yaliyobaki baada ya kukamua. Mbona mafuta ya ng'ombe hugandia kwenye sahani kabla hujamaliza kula, na ya kuku hukawia?

Jibu limo tumboni. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe, mbuzi na kondoo mna bakteria wanaoongeza haidrojeni kwenye asidi zisizoshiba. Mafuta laini ya majani na mashudu hufika kwenye utumbo yakiwa tayari yameshibishwa. Kuku na nguruwe hawana tumbo hilo, hivyo mafuta wanayokula huhamia mwilini karibu kama yalivyo. Ndiyo maana nguruwe anayelishwa mashudu mengi ya alizeti hutoa mafuta malaini yasiyoshikana, na mfugaji anayeuza kwa wenye kitimoto hulalamikiwa. Punguza mashudu, ongeza nafaka wiki za mwisho kabla ya kuchinja.

Kwa mlaji wa nyama choma mnadani Msalato, maana yake ni rahisi. Mafuta yanayoachwa kwenye sinia, yakapoa na kugeuka nta, ndiyo yaliyoshiba. Kuyaacha hapo ni uamuzi mzuri.

Yanavyofanya mwilini

Chupa nyingi za alizeti zimeandikwa kwa maringo kwamba hazina lehemu. Ni kweli, lakini hata mawese na mafuta ya nazi hayana, kwa kuwa lehemu kwa kiasi cha kutajika hutoka kwa wanyama. Maandishi hayo hayakusaidii kuchagua. Lehemu nyingi iliyomo kwenye damu yako hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo lenye kazi ya kuiondoa. Asidi zilizoshiba, hasa palmitiki iliyojaa kwenye mawese, hulegeza kazi hiyo ya ini, na lehemu mbaya huongezeka kwenye damu. Asidi zisizoshiba zikichukua nafasi yake, lehemu hiyo hushuka. Kwa hiyo tazama kiasi kilichoshiba, usitazame tangazo la lehemu.

Shirika la Afya Duniani linashauri nishati inayotokana na mafuta yaliyoshiba isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo ni takriban gramu 22. Kijiko kikubwa cha chakula hubeba gramu 14 za mafuta. Katika kijiko hicho, alizeti ina gramu 1.5 zilizoshiba, karanga 2.5, mawese karibu 7, samli karibu 9, na nazi karibu 12. Anayekula vijiko vitatu vya mawese kwa siku amekaribia kikomo kabla hajahesabu nyama wala maziwa. Anayekula vitatu vya alizeti hajafika gramu 5.

Hata hivyo, usidanganywe na neno "mepesi". Kijiko cha mafuta yoyote kati ya hayo kina kilokalori zipatazo 125. Alizeti inanenepesha sawasawa na samli.

Mlenda unaoungwa kwa karanga zilizotwangwa unastahili sifa hapa. Mafuta yake mengi ni oleiki, nayo huja pamoja na protini na nyuzinyuzi za karanga yenyewe. Mboga ya namna hiyo haidai kumiminiwa mafuta ya ziada. Upungufu mmoja wa chakula cha bara ni wa asidi ya mafuta ya omega-3, ambayo alizeti na karanga karibu hazina kabisa. Dagaa wanaifidia. Nunua wakavu wanaong'aa, usichukue waliogeuka njano wenye ukali puani, kwa sababu omega-3 ina vifungo maradufu vingi na huchacha kabla ya vyote.

Kugandisha kwa makusudi

Binadamu naye alijifunza kazi ya tumbo la ng'ombe. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alisajili njia ya kupitisha haidrojeni kwenye mafuta ya maji, kwa msaada wa nikeli, mpaka yakaganda. Ghafla mafuta ya bei nafuu ya mimea yaliweza kuwa siagi ya viwandani na mafuta magumu ya kukaangia.

Kongwa, mkoani Dodoma, inakumbuka matokeo yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, yakiwemo ya kutengenezea siagi hiyo ya viwandani. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, tawi la Unilever, alipendekeza mashamba makubwa ya karanga Tanganyika. Matrekta yaliletwa kung'oa mibuyu, lakini udongo wa Kongwa uligeuka mgumu kama saruji kiangazi, na mvua zikawa haba. Januari 1951 mpango ulifutwa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Wakulima wadogo waliijua mvua yao, na hadi leo wanalima karanga na alizeti palepale.

Njia ya Normann ilikuwa na kasoro iliyochelewa kuonekana. Haidrojeni ikiongezwa nusu nusu, baadhi ya vifungo maradufu hubaki lakini hugeuka upande, na mnyororo unanyooka bila kushiba. Hayo huitwa mafuta ya transi. Oleiki iliyogeuzwa hivyo huyeyuka kwenye nyuzi 45 badala ya 13. Mwilini ni mabaya kuliko yaliyoshiba, kwa sababu hupandisha lehemu mbaya na kushusha ile nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliomba nchi zote ziyaondoe yale ya viwandani. Ukinunua siagi ya mimea, biskuti au mafuta magumu ya kuokea, soma viambato kwenye paketi. Vingi huandikwa kwa Kiingereza. Ukikuta "partially hydrogenated", yaani yaliyoongezwa haidrojeni nusu nusu, rudisha rafuni. Mawese huganda yenyewe bila kuhitaji kazi hiyo, na katika hili yanastahili haki yake.

Maadui wa alizeti

Vifungo maradufu ndivyo mlango wa uharibifu. Oksijeni hushambulia kaboni iliyo jirani navyo, na linoleiki, yenye kaboni iliyobanwa katikati ya vifungo viwili, hushambuliwa mara kumi au zaidi kuliko oleiki. Mmenyuko huo ukianza hujiendesha wenyewe. Mafuta yanaweza kukaa wiki kadhaa bila dalili, kisha yakaharibika kwa siku chache. Mwanga, joto, hewa, kutu na shaba huharakisha yote.

Sasa fikiria chupa angavu zilizopangwa kando ya barabara kuu, kuanzia Kibaigwa hadi Singida, zikimeremeta juani tangu asubuhi. Rangi ile ya dhahabu inayokuvutia ndiyo inayoliwa na jua. Ukinunua njiani, mwombe muuzaji akupe iliyokuwa kivulini au ndani ya banda, tena iliyokamuliwa karibuni. Fungua, nusa. Alizeti ghafi iliyo nzima ina harufu ya mbegu. Ukisikia rangi au ukali, usinunue hata kwa nusu bei. Kuyachemsha hakuondoi kilichokwisha kuharibika.

Nyumbani, yaweke gizani, mbali na jiko. Usinunue dumu la lita 20 kwa familia ya watu watatu. Chukua kiasi cha mwezi mmoja au miwili. Ukilazimika kununua dumu, ligawe kwenye chupa ndogo ulizojaza hadi shingoni, ufungue moja moja. Chupa iwe safi na kavu kabisa, na usimimine mapya juu ya masalia ya zamani, kwa kuwa masalia hayo ni mbegu ya kuchacha. Mabati yenye kutu na vyombo vya shaba havifai.

Kwa wanaokaanga

Kwa mchuzi, mboga na kukaanga kidogo nyumbani, alizeti inatosha kabisa. Tatizo lipo kwenye karai la chipsi, maandazi na sambusa, ambako mafuta huchemka saa nyingi na kurudiwa kesho. Joto kali hufanya kwa saa moja kile ambacho jua hufanya kwa wiki. Minyororo ya linoleiki hushikamana, na ndiyo ile gundi ya kahawia inayong'ang'ania ukingoni mwa karai. Maji ya viazi nayo huvunja mafuta na kuachia asidi huru, na moshi huanza kutoka mapema zaidi kila siku.

Muuza chipsi anayekaanga mchana kutwa atapata uthabiti zaidi kwa mawese ya maji kuliko kwa alizeti ya kawaida. Mteja wake naye, kwa kuwa mawese yameshiba zaidi, ale chipsi mara mojamoja, si kila jioni. Vyovyote atakavyochagua, ashike mambo haya:

- Joto lisipite nyuzi 180. Kipande cha kiazi kikitumbukizwa kitoe mapovu na kuelea. Mafuta yakifuka moshi, moto umezidi.
- Viazi vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kuingia, na chumvi itiwe baada ya kutoka.
- Kila jioni mafuta yachujwe makombo yakiwa ya uvuguvugu, yafunikwe, yawekwe gizani.
- Yakitoa povu lisiloisha, yakawa meusi, yakanata kidoleni au yakafuka moshi mapema, yamwagwe. Kuongezea mapya juu yake ni kuyapoteza mapya.

Alizeti ghafi ya mashine ndogo isitumike kwa kukaanga kwa joto kali. Chembe na asidi huru zilizomo huifanya ifuke moshi mapema kuliko iliyosafishwa.

Kwa mkulima na mwenye mashine

Mwenye mashine, anika mbegu mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 9 kabla ya kukamua, chuja vizuri, tumia mapipa yenye kifuniko yaliyo kivulini, na uandike tarehe ya kukamua kwenye kila dumu. Mteja akiiona tarehe atakuamini na atarudi. Anayekamua karanga achambue kwanza: zenye ukungu zisiguse mashine. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na mafuta yasiyosafishwa yanaweza kuibeba sumu hiyohiyo kutoka kwenye karanga.

Mkulima, bei ya mavuno ikiwa chini, usikimbilie kukamua magunia yote ukayaweka mafuta madumuni ukingoja bei ipande. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini waliyajua maghala ya nafaka. Akiba ya alizeti iliyokamuliwa huoza. Ndani ya ganda lake, mbegu kavu ina kinga ya asili dhidi ya hewa na mwanga, na hudumu kuliko mafuta yake. Weka mbegu, si mafuta. Peleka mashineni gunia moja, uza au tumia yakaisha, ndipo upeleke jingine.